Bahari Yangu ya Kabatini, Hapa Sosiot

Sanduku la Posta 46,
Sosiot, Kericho.
Jumamosi, 21 Juni 2025.

Mpendwa Ayoo, mwanangu uliyebeba jina la mama yangu,

Barua hii usiisome ukiwa umesimama. Tafuta kiti kwanza. Anayekuandikia si yule baba mdogo wako Oyugi wa kuwasha boila ya kiwanda cha chai tu. Ni Balozi wa Bahari wa Sosiot yote, na ukiniuliza mimi, hata Kapsoit na Chepseon ziko chini yangu, ni vile tu hazijaambiwa. Kutoka hapa mpaka Bomet hakuna mwingine mwenye cheo kama hiki. Nimeulizia.

Lakini salamu kwanza, kwa maana cheo hakiondoi adabu. U hali gani huko Kilifi? Joto limepungua? Kile kikohozi ulichokuwa nacho Pasaka kiliisha, ama bado unakificha ukiongea na simu? Na bwana yako Calvince, mafriji ya watu bado yanamharibikia vizuri apate kazi?

Sisi hapa ni wazima. Mama yako mdogo, Monicah, goti linamsumbua asubuhi, lakini likisikia kuna mkutano wa akina mama kanisani linapona lenyewe. Mvua inakuja kila siku saa nane kama imeandikwa kazi. Majuzi mvua ya mawe ilitandika chai ya watu wa chini ya barabara ikabaki vijiti, halafu ikaruka yetu. Nilikuwa nimesimama nje nikiikemea. Watu waliona.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu haina heshima ya jambo kubwa. Halafu kwa simu Monicah anasikia kila kitu, na kuna mahali humu ndani sitaki asikie.

Sasa habari yenyewe. Mwezi wa tano walikuja watu wanaitwa Chama cha Elimu ya Bahari. Kazi yao ni kufundisha watu kusoma bahari. Si kusoma kwa kitabu, hapana. Wanasema mtu anaweza kusoma gazeti kutoka mwanzo mpaka matangazo ya vifo na bado awe hajui bahari inamfanyia nini na yeye anaifanyia nini. Hao ndio wanawaita hawajasoma. Nilifurahi sana kusikia hivyo, kwa sababu wewe unajua mimi shule niliiacha darasa la sita, na kwa hili la bahari hata mwalimu mkuu wa shule ya hapa alikuwa kwa darasa moja na mimi.

Walitukuta kwa kituo cha kupimia majani chai, Alhamisi, lori likiwa limechelewa. Aliyeongea ni msichana mmoja wa Kisii, Madam Nyabate. Jirani yangu Chepyegon, yule mwenye ng'ombe nne na maneno arobaini, hakumpa hata nafasi ya kusalimia.

"Madam, umepotea njia," akamwambia. "Bahari iko chini, hapa ni juu. Shika barabara ile ile uliyokuja nayo."

Watu walicheka mpaka mzani ukatikisika. Madam hakukasirika. Alisimama kando ya kikapu cha Monicah, na huku anaongea mikono yake inachambua, inatoa majani yaliyokomaa inatupa. Wamama waliona hiyo mikono wakaacha kucheka. Huyo alizaliwa kwa chai.

Akatuuliza mto wetu wa hapa chini unaenda wapi. Mimi nikajibu kwa sauti, "Mombasa!" Kwa sababu gani? Kwa sababu chai yetu inaenda Mombasa, na nilijua kitu chochote kikitoka hapa kinaenda huko huko. Kumbe hapana. Huo mto unaungana na ndugu zake, unateremka mpaka ziwani kwetu nilikozaliwa, ziwa linauachilia kwa Nile, unapita Uganda, unapita Sudani, unafika Misri na kumwagika kwa bahari nyingine kabisa, ya huko kaskazini. Ayoo, unajua maana yake? Maana yake nyanya yako akiosha sufuria pale ufukweni, masizi yake yalikuwa yanaenda kwa Farao. Niliwaambia watu nilikuwa najua, nilitaka tu kumpima Madam.

Halafu akatoa kwa mkoba nailoni moja nyeusi, zile za kuotesha miche ya chai. Aliiokota mtoni asubuhi hiyo. Akasema hiyo haiozi. Inakatika katika vipande, inasafiri, na samaki anaila akidhani ni chakula. Na mvua yetu ya saa nane, sehemu yake ni bahari iliyopanda juu ikatembea mpaka hapa. Kwa hivyo bahari inatuletea maji ya chai, na sisi tunaijibu kwa kuitumia nailoni. Hapo hata Chepyegon alijikuna. Miche yake elfu mbili aliipanda mwaka jana, na nailoni zote aliziacha kando ya maji.

Siku hizi pale kwa kituo kuna gunia kubwa limefungwa kwa nguzo. Nailoni za miche, mifuko ya mbolea, chupa za dawa ya kupe, kila kitu kinaingia humo. Anayelisimamia ni mimi. Limejaa mara tatu. Mto umeanza kuonekana mawe yake.

Lakini jambo lililonikaa moyoni ni lingine. Madam alisema mwezi wa nane Chama kitapeleka wanafunzi kumi na mmoja pwani, wakaione bahari kwa macho, na mtu mzima mmoja wa kijiji awasindikize kwa cheo cha Balozi wa Bahari, mtu aliye na uhusiano na bahari. Na kambi yao iko Kilifi. Kilifi, Ayoo! Tangu uolewe sijakanyaga kwako. Mwanzo ilikuwa boila haiwezi kuachwa, halafu ikawa ng'ombe haiwezi kuachwa. Hicho kiti nilikitaka kama mtu anavyotaka maji akiwa na homa. Chepyegon naye alikitaka. Alisema ana uhusiano na bahari kwa sababu alishawahi kula kamba wa kuchemsha Nairobi.

Mimi nikawaambia mnasahau kabati langu.

Unaikumbuka ile chupa ya nusu lita uliyoniletea Krismasi ya miaka miwili na nusu iliyopita? Maji ya bahari, uliyachota mwenyewe. Sikukuambia imekuwa nini hapa. Niliiweka kabatini katikati ya vikombe vya harusi. Wageni wanatoka mpaka Kapsoit kuiona. Ndiyo maana wananiita Kapteni. Mchungaji mwenyewe aliishika kwa mikono miwili.

Taabu ni kwamba maji yalikuwa yanapungua, sijui yanaenda wapi. Ulishanieleza kwa simu kwamba bahari inajaa na kupwa. Basi mtu akiniuliza, namwambia imepwa. Wakakubali, isipokuwa nani? Chepyegon.

"Kapteni," akaniuliza siku moja mbele ya watu wa maziwa, "hii bahari yako inapwa tu? Haina siku ya kujaa?"

Sasa Alhamisi hiyo ya Madam akaona nafasi yake. Akasema binti yake amesoma kwa kitabu cha shule kwamba yai linaelea kwa maji ya chumvi na kuzama kwa maji ya mto. Wiki ijayo Kapteni alete chupa, Monicah alete yai. Likielea, Kapteni aende. Likizama, tujue tumekuwa tukiangalia maji ya bomba miaka yote, na yeye Chepyegon aende. Mwalimu mkuu akasema sawa. Madam Nyabate alifungua mdomo kama anataka kusema kitu, halafu lori likapiga honi, wakaanza kupima.

Mwanangu, hiyo wiki nilikonda. Chupa ilikuwa imebaki vidole viwili. Vidole viwili haviwezi kuinua yai, hata la njiwa. Nikiwa mkweli sina kiti, na nisipokuwa na kiti sikuoni. Jumatano asubuhi Monicah akiwa anakamua, nilishuka mtoni na chupa. Nikaijaza. Nikarudi jikoni nikatia chumvi, nikatikisa. Nikaona labda haitoshi, nikaongeza. Kisha nikamkumbuka Chepyegon na ule uso wake, nikamalizia pakiti. Monicah alipotaka kupika mboga akauliza chumvi iko wapi. Nikamwambia nimeipa ng'ombe, ilikuwa inalia.

Alhamisi kituo kilijaa kuliko siku ya bonasi ya chai. Mwalimu mkuu alikuwa na jagi mbili za plastiki. Yai lilikuwa la asubuhi hiyo, bado lina manyoya. Kwa maji ya mto likaenda chini, tii. Wakamimina chupa yangu. Chepyegon mwenyewe akaweka yai.

Ayoo, lile yai halikuelea. Lilisimama! Lilitoka nusu nje kama mtu anayechungulia dirishani. Chepyegon akalisukuma chini kwa kidole, likarudi juu. Akalisukuma tena, likarudi na hasira. Wamama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja alivua kofia.

"Haki ya Mungu," Chepyegon akasema, "hii bahari ina nguvu." Akanipa mkono. Yeye ni mtu mzuri, sema tu mdomo.

Madam Nyabate alikuja akainama juu ya jagi. Ndani mlikuwa na jani moja la chai, dogo, linazunguka pamoja na yai. Mimi nikaliona wakati ule ule yeye alipoliona. Jasho lilinitoka mpaka kwa soksi. Alichovya kidole akaonja. Akaniangalia. Halafu akalitoa lile jani kwa ncha ya vidole, akalitia mfukoni, na kuwaambia watu, "Mzee Oyugi ataenda Kilifi."

Lori lilipoondoka alinifuata nikiwa nafunga gunia. Akaniambia polepole, "Mzee, yai bichi la leo, kwa maji ya bahari ya kweli, linazama. Chumvi ya bahari haitoshi kuliinua. Haya yako yangebeba hata kuku."

Nililifunga gunia mara ya pili, na lilikuwa limeshafungwa. Nikamuuliza kwa nini basi hakunisema mbele ya watu. Akajibu kwamba mtu aliyejisumbua hivyo kwa ajili ya bahari, afadhali aende aione. Lakini kiti hicho kina deni moja. Nikifika nichote maji mwenyewe, nirudi nayo hapa kwa kituo, niweke yai mbele ya watu wote, lizame, na niwaeleze kwa nini. Niseme kwa mdomo wangu. Amesema hilo ndilo somo watakalokumbuka kuliko yote.

Nimekubali. Nimeanza hata kujizoeza maneno, nikiwa peke yangu kwa ng'ombe. Chepyegon atacheka mpaka Desemba, na mimi nitamwacha acheke, kwa sababu nitakuwa nimefika kwako na yeye hajafika.

Kwa hivyo jiandae. Tunakuja tarehe kumi na moja mwezi wa nane. Waambie hao watu wa Kilifi kwamba anakuja mtu kutoka milimani ambaye bahari haimbabaishi. Usiwaambie kwamba sijui kuogelea. Kila mtu hapa anadhani mtu wa ziwa anazaliwa akiogelea, na sijaona sababu ya kuwasumbua. Nitakuletea chai ile ya daraja la kwanza, na Monicah amekuwekea maziwa lala, yaani mtindi, ya kibuyu, ingawa nimemwambia kwa hilo joto yatafika yakiwa na maoni yake.

Msalimie Calvince, mwambie nitaangalia hizo friji zake, joto na baridi mimi ninazijua. Monicah anakusalimu, goti pia linakusalimu. Chepyegon anasema "chamgei", ndiyo salamu ya kwao, na anauliza kama kweli papa wanakula watu au ni porojo zangu.

Nyasaye, Mungu wetu, akufunike kama majani ya ndizi yanavyofunika chungu, akupe usingizi mzuri, na hiyo bahari ikuheshimu kila ukipita kando yake.

Wako akupendaye, asiyechoka kukutaja,

Baba yako mdogo,
Oyugi (Kapteni),
Balozi wa Bahari.

Nyongeza. Nilikuwa nimeshafunga bahasha nimeifungua tena. Hapo juu nimeandika sijui maji ya chupa yalikuwa yanaenda wapi. Najua. Jumapili ya kwanza baada ya wewe kurudi Kilifi, Monicah akiwa kanisani, nilifungua chupa nikamimina kifuniko kimoja nikaonja, nijue tu unaishi mahali gani. Jumapili iliyofuata nikaonja tena. Ndivyo bahari ilivyopwa, kifuniko kwa kifuniko, karibu miaka miwili. Ni chungu, Ayoo, na tumbo langu halikuipenda hata siku moja. Ilipobaki vidole viwili niliacha. Niliogopa ikiisha utakuwa umeenda mbali zaidi.