Mgeni wa Mountain View

Jumapili, 4 Mei

Nimefika kanisa kabla ya mtu wa kengele, kama kawaida. Nimefungua ile mlango kubwa. Viatu vinang'aa. Mgeni mmoja alitaka kujificha nyuma, nikamshika kiwiko nikampeleka mbele kabisa. Wakati wa wageni nikachukua maiki. "Simama, usiogope, hapa hatuli watu!" Kanisa ikacheka. Makofi ya kilo, mazito kweli. Sauti kama yangu haiko Dagoretti yote. Nimeita wateja wa nyama choma pale Kenyatta Market mpaka nikazeeka. Mtu aliyepita kibanda yangu bila kukaa alikuwa kiziwi.

Baada ya ibada Kasisi akaniita kando. Anasema wageni wakija mara moja hawarudi. Anasema Mzee Katana ajaribu mlango kubwa na maiki, mimi nishike mlango wa kando, ule wa kwaya.

Kwaya! Kwaya wanajua njia.

Chakula nimekula sijui kilikuwa nini.

Jumatano, 7 Mei

Katana. Huyu mtu ni mimi nilimpokea. Alikuja na koti ya mvua, karani mstaafu, mtu wa pwani, hajui yeyote. Nikamsimamisha mimi. Nikamwitishia makofi mimi. Leo amekalia kazi yangu.

Ana nini? Kiswahili tu. Kinateleza kama samli. Kina mama wakikisikia wanasahau walikuwa wanaenda wapi. Mimi ni Mkamba wa ngumbaru, nasema vile nasema, na watu walikuwa wananielewa.

Ni wivu. Nimeandika. Hakuna mtu anasoma hapa.

Jumapili, 11 Mei

Nimesimama mlango wa kando. Kijana wa besi akaniuliza, "Mzee Nzioka, umepotea?" Nikamwambia pita.

Kutoka huko mlango kubwa inaonekana vizuri sana. Bahati mbaya. Katana hashiki mtu. Anainamisha kichwa, anasema, "Karibuni, ketini mnapopenda," basi. Na hiyo ni kazi? Ungefanya hivyo Kenyatta Market nyama ingeoza kwa ndoano. Hata maiki hakutumia. Alisema tu wageni wote wamekaribishwa, akaketi.

Lakini nje wageni walibaki naye, wakaongea mpaka chai ikapoa. Na mimi hakuna mtu alibaki.

Mama Mwende amenicheka njia yote. "Pole Baba Mwende. Mlango wako umeolewa."

Nikaongeza mwendo. Moyo unachoma.

Jumapili, 18 Mei

Kanisa yetu sikuenda. Nilimwambia Mama Mwende naenda kuona mgonjwa, nikaenda kanisa ya Mountain View. Nilitaka wanitafute huko kwetu. Wajue mlango bila Nzioka ni tundu ya ukuta.

Nikakaa nyuma, polepole. Mama mmoja akanishika kiwiko, akaniambia nyuma ni kwa wenye watoto. Nikakataa. Ana nguvu yule mama. Akanipeleka mbele kabisa.

Halafu wageni. "Tuko na baba hapa, wa koti ya kijivu! Simama baba, usione haya!" Maiki imefika mdomoni.

Mimi. Nzioka. Nikasimama nimeshika kiti. Watu wote wanaangalia, wanatabasamu, na kila jino nililiona. Jina nikasema. Wakaniuliza natoka kanisa gani. Ningesema nini? Nikasema sina. Imetoka wapi, sijui. Nikasema bado natafuta.

Makofi yalikuwa mengi kuliko yote niliyowahi kuitisha. Mwingine akalia, "Asante Yesu!" Mama yule akaniuliza nakaa wapi. Nikasema ukweli, nilikuwa nimechoka kudanganya.

Chai yao ni nzito kuliko yetu. Hiyo pia imeniuma.

Jumamosi, 24 Mei

Siku mbaya.

Katana amekuja nyumbani. "Jumapili hatukukuona, mzee mwenzangu, nikasema nije nikujulie hali." Nikamjibu kidogo kidogo. Mama Mwende akampa chai. Hata kikombe hakijafika nusu, hodi. Ni wale kina mama wa Mountain View, vitambaa kichwani, wamebeba sukari, unga na mkate.

"Bwana asifiwe! Tumekuja kumwona baba yetu mgeni, yule hana kanisa."

Mama Mwende akanigeukia. "Hana nini?"

Nikaangalia mkate.

Yule mwenye nguvu akamuuliza Katana, "Na wewe baba, ni wa hapa?"

Ingekuwa mimi, ningesema huyu ana kanisa, amedanganya. Haki ya Mungu ningesema, na ningesimama ndio nisikike mpaka barabarani. Katana akaweka kikombe chini.

"Mimi ni rafiki yake, mama zangu. Nilipofika kanisani kwetu, sina wa kunisalimia, huyu ndiye aliyenipokea. Kanisa analo, nalo lamngoja. Alichoka kidogo tu, nanyi mkamtunza. Ahsanteni sana."

Basi. Uongo hakuna ndani. Kina mama wakacheka, wakaomba, wakakataa kurudi na sukari. Katana akawasindikiza mpaka geti ya nyumba yangu, kama ni yake.

Mama Mwende akapika ugali, akanipakulia. Halafu, "Yule mgonjwa wa Jumapili, alipona?"

Katana namchukia zaidi. Hata aibu yangu anajua kuibeba kunishinda.

Jumapili, 25 Mei

Nimeenda kwetu. Katana alikuwa mlangoni. Akasema kifua kinamsumbua, nimshikie leo. Akanipa maiki, akaenda kuketi. Sikumsikia akikohoa hata mara moja.

Akaja mtu mgeni, wa makamo, peke yake, shati imepigwa pasi ikaiva. Mkono yangu ikaenda yenyewe kwa kiwiko yake. Akavuta kidogo, hivi. Nikaachilia.

"Kaa popote," nikamwambia.

Akaketi nyuma, karibu na nguzo.

Wakati ukafika. Kasisi akaangalia nyuma. "Mzee Nzioka, leo tuko na wageni?"

Kanisa yote imegeuka. Nimengoja hiyo kwa siku nyingi. Yule mtu ameinama, anaangalia viatu vyake. Kiti amekishika vile nilishika mimi kule Mountain View.

Nikasema, "Leo ni sisi tu."

Katana aliniangalia, halafu akafungua kitabu cha nyimbo.

Mtu wa nguzo alikaa mpaka wimbo wa mwisho. Akitoka akanipa mkono. Nikamfungulia mlango.

Jioni mvua. Tumekunywa chai. Sukari ya Mountain View bado iko.