Misri Fainali, Mama Mkwe Uani

Jumatatu, 9 Februari

Uji umeachwa mlangoni tena, umefunikwa kwa sahani. Nimesikia kandambili tu zikienda zao. Mama mkwe katoka Tezo kuja kunipikia, maana Kadzo, mke wangu, yuko semina Mombasa hadi Jumapili na mguu wangu uko kwenye plasta. Mechi ya wazee. Niliupiga mpira, nikaukosa, nikavunjika kifundo. Mpira haukuumia.

Mila yetu: mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawasemeshani, wala hawakai chumba kimoja. Basi yeye uani, mimi sebuleni. Choo kiko uani. Nikitaka kutoka nakohoa, azunguke nyuma ya banda la kuku. Leo nimeona haya kukohoa tena. Nimejibana mpaka machozi.

Jumanne, 10 Februari

Redio ya hapa Malindi wanataka masimulizi: Kombe la Mataifa ya Afrika lilianzaje. Wakiyapenda, nina kazi kila Jumamosi. Tangu hoteli ifungwe sina kazi. Lazima wayapende.

Nimeandika, kisha nimesoma kwa sauti. Khartoum, 1957. Misri, Sudan, Uhabeshi. Misri yaifunga Sudan mbili kwa moja, kisha fainali yaifunga Uhabeshi nne bila, yote kafunga mtu mmoja. Nikajiona bingwa.

Mama, huko nje, akamwambia kuku: "We kuku, huyu anamwaga magoli kama mtama. Hao Wahabeshi fainali walifikaje?"

Kumjibu siwezi. Nimekasirika. Chai yake nimekunywa.

Jumatano, 11 Februari

Nimeongeza. Uhabeshi ilikuwa icheze na Afrika Kusini. Serikali ya Makaburu ikataka timu ya rangi moja: weupe watupu, au weusi watupu. Kuchanganya, hapana. Wakaondolewa. Uhabeshi ikaingia fainali imekaa kitako. Kama mimi, ila mimi sina fainali.

Kuta zinasogea. Feni mbovu. Joto la mtaa huu wa Barani halina adabu. Nimemwandikia Kadzo: rudi. Kajibu: "Baba Karisa, vumilia. Na usimsumbue mama."

Eti mimi ndiye ninayemsumbua.

Ijumaa, 13 Februari

Leo ndiyo siku ya kurekodi na kutuma. Mwisho sina. Kila nikisoma, yanaisha kama tangazo la msiba. Nikaacha.

Kisha, kutoka uani: "Kuku, mwenye nyumba kakwama. Mimi nikijiweka mbali naye, ni heshima. Wale Makaburu kujiweka mbali na wenzao, ilikuwa dharau. Mbali na mbali si mamoja. Amalizie hapo, nami nipike."

Nikakohoa, kama shukrani. Akadhani nataka choo, akakimbilia bandani.

Nimerekodi hivyo hivyo. Nimesema maneno ni ya mama mkwe wangu. Nimetuma.

Jumamosi, 14 Februari

Yametoka hewani. Mama alifungulia redio uani, akanipa mgongo. Nami dirishani nikampa wangu. Aliposikia ametajwa, sufuria iliacha kulia.

Baadaye wakapiga simu. Kazi ni yangu.

Nikasema "asante" kwa sauti, simu nimeshakata, uso ukutani.

"Haya," mama akajibu. Kuku hakutajwa.

Kesho Kadzo anarudi, mama anakwenda zake Tezo. Nyumba itakuwa yangu, na uani, na choo. Sijui nitamsomea nani.