Kabla Hujamleta Rogathe

Hirbadaw, Hanang
Jumatano, 12 Novemba

Dada Lucia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Arusha, na kwamba kifua cha Rogathe kimepona. Huku Baba na Mama wanaendelea, ila Mama bado anakula kidogo. Mvua imeanza, Baba ameshapanda mahindi ya kule juu, na ng'ombe mwekundu amezaa. Mimi sijambo kidogo.

Najua utashangaa kuletewa barua na Nurdin, konda wa basi, wakati simu zipo. Lakini unanijua. Kwenye simu nitasema ndiyo dada, sawa dada, mpaka salio liishe. Shuleni wananiita Bubu, na mwalimu wa Kiingereza anasema Zita anaandika lugha mbili ila haongei hata moja. Kwa hiyo naandika.

Mama ameniambia kwamba mwisho wa mwezi unataka kumleta Rogathe, maana tangu tumzike kaka yake Xavery anajificha uvunguni mwa kitanda kila akisikia mbwa anabweka, na wewe unashinda jikoni hotelini. Amesema ulimwambia hivi: acha aje akae na Zita, Zita ndiye anayejua kumtuliza mtoto mwenye hofu. Mama alifurahi kunifikishia hizo sifa. Mimi nilitoka nje nikajifanya nafukuza kuku.

Sifa hizo nilizipata Haydom hospitalini, na wewe ulifika siku ya mwisho, basi ngoja nikueleze. Mwanao Xavery alikuwa hawezi kumeza. Akiona kikombe cha maji mwili wote unamruka, hata upepo wa mlangoni ulimtisha. Mimi nilikuwa nalia kuliko yeye. Nesi mmoja, Dada Gaudensia, akanivuta pembeni, akaniambia nikanawe uso kwanza, kwa sababu mtoto anaangalia uso wangu ili ajue kama kuna hatari. Akanifundisha nikae chini, macho yangu yasiwe juu ya macho yake. Nimwambie kila kitu kabla hakijafanyika, na nisimdanganye; kama kitauma, niseme kitauma kidogo halafu kitaisha. Kumwambia asiogope hakumsaidii, alisema, tayari anaogopa. Nimwambie tu kwamba niko hapa na siondoki. Halafu akakificha kile kikombe, akafunga pazia.

Nikaanza kumhesabia ng'ombe wa Baba wanavyoingia zizini, mmoja mmoja, kwa rangi zao. Nikamruka ndama mmoja makusudi, naye akanisahihisha. Akacheka kidogo, dada, akasema mamdogo hafai kuchunga, atapoteza ng'ombe wote wa Babu. Hapo ndipo Baba alipoanza kumwambia kila mtu wodini kwamba huyu binti yake ana mkono wa kulea.

Sindano ya kumtuliza ilipoletwa, nilimweleza ukweli kama nilivyofundishwa. Akaniuliza, taratibu, kama anachomwa kwa sababu amelia. Akasema yeye hajalia, nimuulize Babu.

Nesi alidhani ni maneno ya homa. Mimi nilijua ni nini.

Daktari alikuwa ametuuliza siku ya kwanza kama mtoto aling'atwa na mbwa miezi ya nyuma. Baba akasema hapana. Mama akasema hapana, labda malishoni, bila mtu kujua. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao. Ulipofika daktari alikueleza na wewe, kwamba ni kichaa cha mbwa na dalili zikishaanza hakuna dawa ya kumponya, ila kama kidonda kingeoshwa siku ileile kwa maji mengi na sabuni, na chanjo ikaanza mapema, angepona. Ukakaa sakafuni ukasema ungekuwa nyumbani, mwanao angekuwa na mtu wa kumwambia. Ukasema tena siku ya mazishi. Mama anasema mpaka leo kwenye simu unasema hivyo hivyo.

Dada, alikuwa na mtu. Aliniambia mimi.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba na karatasi zangu za mdahalo. Walinichagua nikaongee Kiingereza mbele ya shule nzima, na nilikuwa nakariri. Xavery akaja mbio analia, ameshika mguu. Damu kidogo tu, mikwaruzo miwili mitatu chini ya goti. Akasema mbwa. Nilisikia vizuri. Mbwa asiyemjua, kwenye njia ya kisimani. Na mimi, bila hata kuinuka, nikamwambia lile tunalowaambia watoto wote hapa nyumbani, lile tuliloambiwa hata mimi na wewe tukichekwa: nyamaza, ukiendelea kulia nakupeleka kwa daktari akuchome sindano kubwa.

Alimeza kilio palepale. Sijawahi kuona mtoto akinyamaza haraka vile. Akachota vumbi akajipaka, akasema siyo mbwa mamdogo, ni mwiba. Nikasema haya, mwiba. Nikarudi kwenye karatasi.

Mama alipomwogesha akauliza ile alama, ni mimi niliyejibu. Nikasema mwiba.

Hospitalini nilinyamaza kwanza kwa woga. Baadaye nilinyamaza kwa sababu kila mtu alikuwa ananisifu. Hili la pili ndilo linalonitesa zaidi.

Baada ya mazishi, sisi tuliomshika tulipelekwa kuchanjwa. Nilikaa kwenye benchi nikingoja yale maumivu niliyomtishia nayo. Yalikuwa kama siafu mmoja. Yakaisha kabla sijavuta pumzi. Nikalia mpaka nesi wa pale akanitania, mdada mzima unaogopa sindano?

Siandiki ili unisamehe. Naandika ili uache kusema hakuwa na mtu, na ili umjue huyo unayetaka kumwachia Rogathe. Mama bado hajui. Nitamwambia Jumapili tukitoka kanisani. Nilitaka wewe uliyemzaa ujue kwanza. Ukimleta, nitaingia naye humohumo uvunguni nikae mpaka mwenyewe atake kutoka, na hakuna atakayemtisha kwa sindano wala kwa daktari, hata Mama, nitamkatalia kwa sauti. Usipomleta nitaelewa, na sitamuuliza mtu kwa nini.

Baba anakusalimu, anasema ndama umpe jina wewe. Mama anakusalimu sana. Msalimie Mariamu jirani yako kwa kukusaidia na mtoto.

Na kama Rogathe anakuita sasa hivi, usiirudie kwanza barua hii. Nenda ukamsikilize.

Mdogo wako,
Zita