Filta ya Mkwe

Ijumaa, 4 Julai
Nimekung'uta filta ya hewa kwenye tairi, kama kila Ijumaa. Vumbi jekundu, kikombe kizima. Ni ya karatasi, aina ile ile iliyokuja na pikapu. Nikaipuliza kwa pampu ya baiskeli, nikairudisha. Kesho Kaisho, kuchukua ndizi. Injini haijawahi kufunguliwa tangu niinunue. Hii ikifa sipati nyingine.

Jumapili, 6 Julai
Mkwe wangu Projestus amekuja kutoka Kamuli na binti yangu Adventina na watoto. Kaniletea zawadi: filta ya kitambaa, ya kuosha na kupaka mafuta, haitupwi. Kanikabidhi kwa mikono miwili, ameinama, mbele ya shemeji zangu. Eti injini itapumua, itapata nguvu, itakunywa dizeli kidogo. Kanunua mbili, pikapu zetu ni za aina moja. Nilishangilia kama wengine. Moyoni nilikuwa na swali la mwalimu mstaafu: ni kweli?

Jumatatu, 7 Julai
Nimeifunga. Mlima umepandwa kwa gia ya tatu, kwa kawaida ni ya pili. Inanguruma zaidi. Lakini debe tupu nalo huvuma. Halafu leo nilibeba mikungu michache. Jaribio bovu. Mwanafunzi angeniletea hilo ningempa sifuri.

Alhamisi, 10 Julai
Fundi mmoja wa Kayanga aliwahi kuniambia: paka grisi ndani ya bomba la hewa, baada ya filta. Kitakachopenya kitanasa hapo. Nimepaka. Kaisho na kurudi, mikungu arobaini. Nikapitisha kidole. Mchanga. Laini kama unga, ila ukiutia kwenye meno unakwaruza.
Aibu kuandika: kwanza nilifurahi, kama mtu aliyepata jibu. Hofu ilikuja baadaye. Mchanga huo ulikuwa njiani kuingia kwenye injini yangu.

Jumamosi, 12 Julai
Njia ile ile, mzigo ule ule, filta yangu ya karatasi. Grisi safi.

Jumanne, 15 Julai
Kwa nini? Sikutulia mpaka nijue. Nimerudisha filta ya Projestus kwenye kasha la filta pale kwenye injini, nikaweka tochi ndani. Mwanga ulitokea upande mmoja. Mdomo wa mpira haukai vizuri, pana uwazi wa unene wa ukucha. Kumbe kitambaa chenyewe huenda hakina kosa. Huenda filta ya kitambaa inayokaa sawasawa ingefaa. Sijui, na ningependa sana kujua. Ila vumbi halisubiri nijue.
Nilichukua simu nimwambie Projestus. Nikaiweka chini.

Jumatano, 16 Julai
Nimerudisha ya karatasi. Ya mkwe nimeifunga kwenye khanga kuukuu, nyuma ya magunia ya maharage. Mke wangu kasema zawadi ya mkwe hairudishwi wala haisemwi vibaya. Unataka kumwaibisha kijana wa watu? akaniuliza. Sitaki. Basi, nimenyamaza. Sijisikii vizuri.

Alhamisi, 31 Julai
Projestus kapiga simu. Filta inaendeleaje? Nikasema nzuri sana. Uongo wangu wa kwanza kwake, na ulitoka kirahisi. Akacheka kwa furaha. Ya kwake bado hajaiosha, alisema, haina haja.
Baada ya simu nikakumbuka: alinunua mbili. Ya kwake. Mpaka leo sikuwa nimeifikiria ya kwake. Nitamwambia akija. Kwa simu haifai.

Jumapili, 17 Agosti
Wamekuja. Nimeona moshi wa bluu kabla sijawaona wajukuu. Projestus kashuka, kanipa shikamoo, kasema pikapu inakula oili. Fundi anasema ringi za pistoni zimelika. Pikapu ndiyo inayobeba kahawa ya watu huko Kamuli, ndiyo inayowalisha. Akauliza yangu je, ili apate moyo. Nikafungua boneti.
Aliona filta ya karatasi. Nikamweleza yote: grisi, tochi, ukucha. Alisikiliza hadi mwisho.
"Tata," akaniita, yaani baba kwa lugha ya kwetu, "ulijua lini?"
"Tarehe kumi na tano, mwezi wa saba."
Hakugomba. Afadhali angegomba. Adventina hakunitazama wakati wa chakula.

Jumatatu, 18 Agosti
Walilala hapa. Asubuhi nimetoa filta ya karatasi kwenye pikapu yangu, nikampa Projestus. Kaipokea kwa mikono miwili, ameinama kama siku ile. Tumeifunga pamoja. Imekaa bila uwazi, tumehakikisha kwa tochi.
Wameondoka saa tatu. Moshi ni ule ule.
Pikapu yangu iko uani, haina filta. Leo siendi Kaisho.