Sifa za Kumbeba Shija

Jumatano. Joto la kulaza kuku mchana, lakini mimi sikai. Nimekaa nje, nimeingia ndani, nimetoka tena.

Hapa Tinde hakuna anayenizidi kupanda miamba, bishaneni mtakavyo. Shule niliishia kidato cha pili, ila mlima hauulizi cheti. Ndiyo maana Jumapili wenzangu tisa walinifuata tukapige picha kule juu. Mimi mbele, kandambili mguuni, naringa.

Wingu lilipotanda nikaamuru tushuke. Hapo sikukosea. Rehema, muuza chipsi wa stendi, akasema, "Kiongozi, tuhesabu watu kwanza."

"Nihesabu watu wazima kama mbuzi? Wa mwisho kufika chini ananunua soda!"

Wakatimua mbio. Wa kwanza kufika? Usiniulize.

Jirani yangu Shija hakufika.

Mvua ilikuwa imeshaanza kupiga. Rehema akauliza Shija yuko wapi. Nikajibu bila kupepesa: "Niliwahesabu, tumeshuka wote. Huyo kapita njia ya mkato, yuko kwao anakula."

Uongo mtupu.

Tukajibanza kwenye kibanda, tukacheka, mpaka mama yake akaja kumuulizia, kanga imelowa chapachapa. Nikapanda mbio. Nilimkuta katikati ya mawe mawili, kifundo kimevimba, meno yanagongana. Aliteleza palepale tulipoanzia mbio. Alituita, radi ikameza sauti.

Nikambeba mgongoni hadi chini. Sasa mtaa mzima shujaa ni mimi. Mama Shija kila akiniona, "Mungu akuzidishie, mwanangu." Jana kaniletea viazi na maziwa ya mgando.

Viazi nimekula.

Kinachonitafuna ni kwamba nilijua. Nimechimba dhahabu Geita miezi minane. Kule mtu wa kamba habanduki mdomoni mwa shimo mpaka wa mwisho atoke, hata wali ukipoa. Nami nilikuwa mtu wa kamba, tena hodari!

Leo asubuhi wanakwaya wamenipigia, Jumapili niwapandishe wao. "Tunamtaka yule aliyemwokoa mwenzake." Mimi, mpenda sifa, nikakata simu.

Mama Shija hasomi mtandaoni. Shija anasoma kila ninachoandika, na amelala kitandani simu mkononi. Ngoja nichapishe hii, halafu nikimbie nikamwambie mama yake kwa mdomo wangu kabla Shija hajamaliza kusoma.