Sauti ya Bawa la Kushoto

Mjomba Rajabu,

Nakuomba, haya ninayokuandikia yabaki nawe hukohuko chini ya udongo wa Lobule. Usimwambie yeyote uliyemkuta. Wafu wa Koboko wana ndugu wengi hapa Arua, na mimi kazi yangu bado naihitaji.

Tangu tukuzike, hakuna anayewafukuza kaloli, wale korongo wala mizoga, kwenye uwanja wa ndege. Machinjio yanamwaga matumbo karibu na uzio, nao wakishiba wanasimama kwenye njia ya kurukia kama wenye kiwanja. Jana ndege ndogo ya abiria ilimgonga mmoja kwa bawa la kushoto ikitua. Walisafisha damu kwa sabuni. Rangi haikuchubuka hata kidogo.

Nikakumbuka ulivyonieleza, tukinywa chai kivulini mwa bawa lilelile. Hili si bati, ulisema, ni matabaka ya nyuzi na gundi. Bati likipigwa hubonyea, ukaona. Hili hurudi likanyooka, kumbe ndani limeachana. "Gonga, kisha nyamaza usikilize."

Mkeo, Mama Halima, alinipa ile sarafu waliyoikuta katika ovaroli yako. Nikagonga ukingo wa mbele wa bawa la kushoto, polepole, kama ulivyokuwa ukifanya. Ukalia vizuri, ukalia, ukalia. Halafu sauti ikafa, kama nimegonga mkate.

Nilimwambia bosi. Akacheka mbele ya wote: "Wewe iko karani ama iko fundi? Rangi iko sawa, ndege iko sawa. Enda gonga muhuri kwa tikiti."

Nikaenda. Nikagonga. Tikiti moja ilikuwa ya Mama Halima. Kesho anapelekwa Entebe kutibiwa macho, kwa ndege hiyohiyo.

Mjomba, jioni nilifika hadi mlangoni kwake, Ediofe, nimzuie yeye peke yake, kimyakimya. Nikamsikia ndani akiimba, anapiga pasi nguo za safari. Nikarudi. Na wale wengine? Nao wana watu wao.

Sasa nakuaga. Nakuahidi kwamba asubuhi, kabla mtu hajapanda, nitampa rubani sarafu yako agonge mwenyewe, bosi akitazama. Rubani ana masikio, na yeye ndiye anayekaa mbele.

Ukitaka kunipata, usipitie ndotoni kwa mama. Dada yako tangu ulipoondoka hushtuka hata kwa upepo. Njoo uwanjani. Nitakuwa chini ya bawa la kushoto. Nikimpa rubani sarafu, nishike mkono.

Mpwa wako