Mchi Wangu na Plagi Yako

Baba Shamimu,

Nimekwenda stendi kwa bodaboda. Kisamvu kipo kwenye sufuria, kipashe moto. ~~Ugali ajisongee aliyevunja plagi.~~ Wali upo kwenye hotipoti.

Pikipiki usiiguse. Asubuhi nilikwambia injini bado ya moto, iache ipoe. Ukanijibu nirudi jikoni kwangu. Kumbe jikoni ulikuwa unakuja wewe, kuchukua mchi wangu wa kutwangia uigongee spana. Plagi ikakatika, nusu ikabaki ndani ya injini. Na ilikuwa nzima, ulitaka tu kuisafisha ili unifikishe stendi kwa madaha. Nami nilishavaa baibui jipya nikukalie nyuma. Basi la Nzega likiniacha, bi harusi Najiat wa watu ataingia harusini bila mimi, somo wake wa kumfunda.

Fundi Wilbroad wa Gongoni atapita mchana kukitoa hicho kipande. Amesema kisichokolewe, vigae visije vikaangukia ndani ya injini. Mwachie yeye.

Mchi uoshe kwa sabuni, unanuka oili.

Spana usihangaike kuitafuta. Ninayo mkobani, tunakwenda wote Nzega.

Mama Shamimu